Mwalimu wa Jiografia Asipande Ngazi

9 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha na kwamba unalala vizuri. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na ninakula chakula cha maana, kwa hiyo hilo usiliulize.

Uliwahi kuniambia kuwa simu ni ya salamu, na jambo lenye vipengele huandikwa. Leo nina jambo lenye vipengele.

Unajua kampuni yetu inatengeneza mfumo wa kupanga zamu za wauguzi. Mfumo huo umetutoa jasho. Ukiupa wodi moja unapanga bila shida, lakini ukiupa hospitali nzima unakwama, au unampangia muuguzi mmoja kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Msimamizi wangu, ambaye tunamwita Mzee wa Vikao kwa kuwa hakuna tatizo ambalo hajaliitishia kikao, alikwisha kuanza kutafuta maneno ya kuwaomba radhi wateja.

Wiki iliyopita nilitulia nikaliona lile tatizo upya. Lilikuwa ni ratiba yako ya vipindi vya shule, Shangazi. Muuguzi ni mwalimu, wodi ni darasa, zamu ni kipindi. Nikakichukua kile kipande cha programu nilichokuandikia wewe, nikakitia ndani ya mfumo wa kazini, nikabadilisha majina tu. Ukapanga hospitali nzima kabla sijamaliza chai. Wenzangu wakaja kusimama nyuma ya kiti changu, na yule jirani yangu wa meza, ambaye kila siku huniletea maswali yake, akasema nimechanjwa dawa ya mganga. Nikamwambia dawa yenyewe inaitwa Shangazi. Akadhani namtania.

Nafasi ya kiongozi wa kikundi iko wazi tangu aliyekuwa nayo ahame. Mzee wa Vikao ameniambia kuwa jina langu ndilo lililopelekwa juu. Niombee. Nimeitamani nafasi hiyo tangu siku ya kwanza, na hilo wewe ndiye mtu pekee ninayemwambia.

Wasalimie walimu wote, hasa mwalimu wa jiografia.

Mwanao.

21 Januari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Kikohozi kimekwisha. Baba yako alipita hapa Jumapili, akala, akalala kwenye kiti, akaondoka akisema tumezungumza sana.

Nimefurahi kuwa wauguzi watapangiwa zamu zenye akili. Hiyo ni kazi nzuri na sina la kuipunguzia.

Huku muhula umeanza vizuri. Nimestaafu, lakini mwalimu mkuu bado ananiletea ratiba niitengeneze kana kwamba hakuna mwalimu mwingine aliyezaliwa. Programu yako imeipanga shule nzima bila mgongano hata mmoja. Wadogo wanasoma hesabu asubuhi wakiwa na macho. Mwalimu anayenyonyesha hana kipindi cha kwanza. Mwalimu wa jiografia, ambaye nyonga yake bado haimruhusu kupanda ngazi, yuko ghorofa ya chini wiki nzima. Mwalimu wa kemia amelalamika, lakini yeye hulalamika hata siku za mapumziko.

Shule za jirani zimeisikia habari hii. Wakuu wao wamekuja kuiomba programu. Nimewaambia wasubiri nikuulize mwenyewe.

Nina swali moja. Hicho kipande ulichokitoa nyumbani ukakipeleka kazini, uliwaambia wenye kazi kuwa umetoka nacho nyumbani? Sisemi umekosea. Nauliza tu, kwa sababu katika barua yako nimeona ulivyokichukua na ulivyokitia, lakini sikuona mahali ulipowaambia.

Shangazi yako.

2 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Natumaini hujambo. Mimi mwili mzima, moyo nusu.

Swali lako lilinisumbua, nikaona nilimalize. Nilimwambia Mzee wa Vikao kwamba kipande cha kupanga zamu nilikiandika kwa ajili ya shule, kwa mikono yangu, nje ya kazi. Nilidhani atacheka. Badala yake akafunga mlango, akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Kesho yake nikaitwa kwa mwanasheria wa kampuni.

Nitakueleza kama alivyonieleza. Mkataba wangu unasema kuwa chochote nitakachoandika nikiwa mwajiriwa, kikifanana na shughuli za kampuni, ni mali ya kampuni, hata kama nimekiandikia jikoni kwangu. Ratiba ya shule haikufanana na shughuli zao. Lakini mimi mwenyewe nimeiingiza ndani ya mfumo wao, nikawaonyesha kwa mikono yangu jinsi inavyofanana. Sasa wanasema programu yote ni yao. Shule yako itatakiwa kuacha kuitumia mpaka ipewe kibali, na kibali hicho hakuna anayekusudia kukitoa. Za jirani ndizo zisahau kabisa.

Njia ya kutokea iko moja. Nikithibitisha kuwa programu ilikamilika kabla sijaajiriwa, inabaki yangu, na kampuni itaniomba ruhusa ya kuitumia. Mzee wa Vikao alinivuta kando kwenye korido akanong'ona, "Tafuta mtu mzima anayeheshimika, aandike kuwa aliiona imekamilika. Hawa hawatachimba. Wanataka karatasi tu ya kuweka kwenye faili." Alisema pia kuwa suala la uongozi wa kikundi linasubiri hili liishe, na kwamba likiisha vibaya hataweza kunitetea.

Shangazi, mtu mzima anayeheshimika ninayemjua ni wewe. Nakuomba uandike kwamba ulikuwa ukiitumia programu hii, ikiwa na kanuni zake zote, kabla ya tarehe niliyoajiriwa. Kurasa hata mbili hazifiki. Wewe mwenyewe uliniona nikiiandika. Si uongo. Ni kweli iliyonyooshwa kidogo.

Tafadhali nitumie kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwanao.

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na mimi ni mzima.

Nitakujibu moja kwa moja ili usisubiri. Sitaandika ulivyoniomba. Nitaandika nilichokiona.

Ulipomaliza masomo ulikaa kwangu mwaka mzima ukitafuta kazi. Wakati huo ratiba nilikuwa naipanga kwa vipande vya kadi juu ya meza ya chakula, hata tukawa tunakula jikoni. Ulinikuta nimekwama, ukasema kompyuta inaweza. Nikakwambia usinipotezee muda. Ukakaa nayo mpaka ikaweza. Siku ulipoitwa kazini, programu ilikuwa inajua kuwa mwalimu hawezi kuwa katika madarasa mawili, kwamba darasa halipewi masomo mawili kwa pamoja, na kwamba wadogo hawafundishwi hesabu baada ya chakula cha mchana. Hayo niliyaona, na nimeyaandika katika karatasi iliyomo ndani ya bahasha hii, nimetia saini na tarehe.

Lakini kanuni ya mwalimu anayenyonyesha uliiongeza ukiwa umeshaajiriwa. Mtoto mwenyewe hajaanza kutembea. Na kanuni ya mwalimu wa jiografia uliniuliza kwa simu ukiwa ofisini kwenu. Nilisikia watu wakiongea nyuma yako, nikakuuliza kama uko kazini, ukasema ni mapumziko. Hayo pia nimeyaandika.

Unasema ni kweli iliyonyooshwa. Mimi nimefundisha watoto wengi, na wengi wao walinyoosha kweli mbele ya meza yangu. Sikuwapa alama. Siwezi kumpa mtoto wa kaka yangu kwa sababu ni wangu.

Najua unaitaka nafasi ile. Najua pia kuwa karatasi hii inaweza kukunyima. Nimeliwaza hilo kabla ya kushika kalamu, na sijaliona kuwa dogo. Ukitaka, usiitumie. Itie kwenye droo, mimi sitakuuliza. Ila usimtafute mtu mzima mwingine.

Na huyo msimamizi wako, akitaka uongo, auandike yeye. Anajua kusoma na kuandika.

Shangazi yako.

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu lako, nawe simu huipokei. Baba yako ananiambia kuwa u mzima na kwamba ulimpigia wiki iliyopita. Nimeshukuru kusikia.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nitajua nijibu lipi. Ukimya hauna mahali pa kushika.

Muhula mpya unakaribia na mwalimu mkuu ameulizia ratiba. Nimemwambia tusiiguse programu mpaka nisikie kutoka kwako, kwa kuwa sasa sijui ni ya nani. Ameniangalia kama mtu aliyeambiwa chaki ni ya jirani. Nimezitoa kadi za zamani nikazifuta vumbi. Baadhi ya walimu waliomo ndani yake wameshafariki.

Sikulazimishi. Nakujulisha tu.

Shangazi yako.

17 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Ndiyo, nilikasirika. Nilikasirika kiasi kwamba niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaitia kwenye droo pamoja na ile karatasi, na kila nilipolifungua droo hilo kutafuta kalamu niliziona zote mbili. Mwishowe nikanunua kalamu nyingine.

Nilijiambia kuwa umechagua usafi wako kuliko mimi. Nimeandika hivyo ili ujue nililifikiria, si kwamba bado nalifikiria.

Nilimwendea rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye. Alikuwa tayari kuandika chochote. Aliniuliza tu, "Niseme niliiona lini?" Nikafungua mdomo nimpe tarehe, nikasikia sauti yako ikiniuliza kama niko kazini. Nikamwambia basi, nimeghairi. Akasema ukoo wetu una matatizo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwanasheria nikampa karatasi yako. Aliisoma taratibu. Mzee wa Vikao alikuwa amekaa pembeni akitikisa mguu. Mwanasheria akaniuliza, "Huyu bibi ni nani?" Nikasema ni shangazi yangu. Akaisoma tena ile sehemu ya simu ya mapumziko, akasema, "Ni shahidi wako au ni shahidi wetu?"

Nikamwambia hata mimi sina uhakika.

Akacheka, Shangazi. Sikutegemea. Akasema kwa miaka yake yote mezani pale hajaletewa ushahidi unaomwumiza aliyeuleta, na kwa sababu hiyo ile sehemu inayonisaidia anaiamini pia. Mzee wa Vikao akaacha kutikisa mguu.

Uamuzi umetoka kwa maandishi. Sehemu uliyosema uliiona kabla sijaajiriwa ni yangu. Naweza kumpa nimtakaye, na kampuni imeniomba ruhusa ya kuitumia kwa wauguzi. Nimeitoa. Kilichoongezwa baadaye ni chao. Nimetakiwa kukiondoa katika programu ya shule, na nikiwa bado mwajiriwa wao siruhusiwi kukiandika upya.

Nafasi ya kiongozi amepewa jirani yangu wa meza, yule wa maswali. Sasa maswali ananiletea akiwa amevaa tai. Mzee wa Vikao ni mpole kwangu kuliko zamani, na haniiti tena kwenye vikao vyake. Sijui kama hiyo ni adhabu.

Kuondoa kulichukua siku moja ya mapumziko. Ilikuwa kazi rahisi, na sijawahi kuichukia kazi kama nilivyoichukia hiyo. Niliifuta kanuni ya mwalimu anayenyonyesha, nikaijaribu, ikampangia kipindi cha kwanza kila siku. Nikaifuta ya mwalimu wa jiografia, ikampeleka juu asubuhi, ikamrudisha chini, ikampandisha tena mchana. Haina ubaya, haijui tu. Nimeirudisha katika ujinga iliokuwa nao siku nilipoondoka kwako.

Imo ndani ya flashi hii. Ni yako kwa haki, nawe wape na wale wa shule za jirani. Kwa walimu hao wawili sina la kufanya. Waombe radhi kwa niaba yangu.

Siwezi kukuambia kuwa nimefurahi. Lakini nimeandika.

Mwanao.

6 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba. Barua na flashi vimefika salama. Mimi ni mzima. Baba yako naye ni mzima, na ameniambia niache kukuonea, kwa hiyo nadhani ulimsimulia.

Nimeiendesha programu yako. Ilipanga vizuri, na ikafanya ulivyosema kwa walimu wale wawili. Nikachapisha karatasi, nikaenda nayo shuleni, nikaibandika ukutani katika chumba cha walimu. Nikawaambia kuwa muhula huu mashine imepanga sehemu yake, iliyobaki ni yetu, na kwamba hakuna atakayetoka mpaka mwalimu wa jiografia ashuke chini na mwalimu mwenye mtoto mchanga apate asubuhi yake.

Walinitazama. Mwalimu wa kemia akataka kujua kwani hapo nyuma ilikuwaje. Nikamweleza kuwa hapo nyuma programu ilikuwa na kanuni iliyowaangalia, na kwamba sasa kanuni hiyo haimo. Hawakuwa wakijua. Mwalimu wa jiografia mwenyewe hakuwa akijua. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Kwa hiyo muda wote huo sikupanda ngazi kwa sababu ya mashine?"

Nikasema ndiyo.

Akasema alidhani ni bahati. Kisha akasema, bila ya kumtazama mtu, kwamba nyonga haimwumi sana siku hizi na anaweza kupanda, tusihangaike. Kusema uongo hajui, hata wewe unamzidi. Tangu mlangoni mpaka kwenye kiti chake alikuwa ameshika kila meza.

Kila mtu alikuwa akisoma jina lake ukutani kuona kama yeye ndiye atakayeguswa. Niliwaacha wasome, na unajua kuwaacha watu si kazi yangu.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa mwalimu wa kemia. Alichukua penseli sikioni, akakata chumba chake cha chini cha Jumatatu na Alhamisi, akaandika jiografia. "Mimi nitapanda," akasema. "Daktari ameniambia nipunguze tumbo, na ninyi hamna huruma ya kunikumbusha." Mwalimu wa michezo akamjibu kuwa ngazi zile hazitoshi, labda wajenge ghorofa nyingine. Baada ya hapo penseli ikazunguka. Mwalimu mkuu mwenyewe alichukua kipindi cha kwanza cha yule mwenye mtoto, siku zote. Miaka na miaka hajaingia darasani asubuhi, na wanafunzi watapata taabu.

Mwalimu wa jiografia alikuwa akiangalia jinsi majina yanavyokatwa na kuandikwa. Nilipokuwa nang'oa karatasi niende kuinakili, aliniomba akae nayo kidogo. Akaisoma tangu juu mpaka chini, akawauliza mmoja mmoja kama ni kweli chumba hiki amemwachia. Kila mmoja akasema ndiyo, kwa aibu, kama wanafunzi waliokutwa wakifanya jambo jema.

Siandiki haya ili ufikiri kuwa programu yako ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na muhula ujao nitaitumia tena. Wakuu wa shule za jirani nimewapa. Nimewataka waandike kwenye barua za kupokea kwamba mwenyewe ni wewe, na mmoja aliyesahau nimemrudisha akaandike. Nimewaeleza pia kuwa haijui habari za nyonga wala za watoto wachanga, na kwamba hayo wayaulize wenyewe katika vyumba vyao.

Kuhusu cheo chako. Nimekugharimu, na sitajifanya kuwa sikufanya hivyo. Ningeombwa leo ningeandika karatasi ile ile kwa maneno yale yale. Lakini nilipoitia kwenye bahasha sikujua kama utaniandikia tena, na mwezi wote wa Aprili nilikuwa nafungua mlango kila mpeleka barua alipopita, hata siku alizokuwa akipita tu. Majirani walifikiri nadaiwa.

Umesema hukufurahi, lakini umeandika. Mimi kwa hilo nimefurahi.

Niambie sasa unaandika programu gani. Na uwaambie wenye kazi kabla hujaianza.

Shangazi yako.